Kibao Kilichosema na Wageni

Muyeye ni mtaa wenye watu wengi mjini Malindi. Nyumba zimebanana. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Nyevu na mumewe, Kaingu, walihamia hapo kutoka Ganze, bara ya Kilifi, baada ya mahindi yao kukauka shambani msimu baada ya msimu. Kaingu alipata kazi ya mjengo. Alichanganya saruji na kubeba mawe. Nyevu alikaanga viazi karai kila asubuhi na kuviuza mlangoni pake.

Walikuwa na watoto wawili. Kanze, msichana, alikuwa shule ya msingi, gredi ya pili. Mdogo wake, Ziro, alikuwa bado ananyonya. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno mawili.

Alasiri, viazi vilipokwisha, Nyevu alimfunga Ziro mgongoni kwa leso na kwenda ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Darasa lilikuwa katika jumba la kanisa. Mwalimu wao aliitwa Nyale, mwanamke mpole aliyekuwa na sauti ya kusikika mbali. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Ziro alikaa chini ya benchi akila kiazi, na wanawake wale walimzoea kama mtoto wao.

Nyevu alipenda kusoma. Alisoma Kiswahili polepole, kidole kikifuata herufi. Kiingereza hakukijua, ila maneno machache aliyoyaona katika vitabu vya Kanze. Katika kitabu kimoja palikuwa na picha ya mfereji wa bomba unaotiririka, na chini yake neno WATER. Kanze alikuwa amemwambia kwamba hilo ndilo neno la maji.

Kaingu hakujua kusoma hata kidogo, na jambo hilo halikumsumbua. Alisema mjengo hauulizi mtu kama amesoma.

Mwaka huo bomba kubwa la kuleta maji mjini lilipasuka. Mifereji ya Muyeye ikakauka. Visima vya mtaani vilikuwepo, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, hayakufaa kupikia hata uji. Wauza maji walipita na mikokoteni yao, na bei ilipanda kila walipopita. Watu walioga kwa kikombe. Maji ya kuoshea vyombo yalitumika tena kuoshea sakafu. Nyevu alipunguza viazi anavyokaanga, kwa kuwa hakuwa na maji ya kuviosha.

Kando ya barabara iendayo baharini palikuwa na bustani mpya. Ilijengwa na wafadhili Wataliano pamoja na watu wa baraza la mji, ili kuipendezesha barabara. Ilikuwa na maua, viti vya saruji, na mfereji mmoja wa chuma wa kumwagilia maua. Kando ya mfereji palisimama kibao kizuri cha rangi ya kijani, chenye herufi nyeupe. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kitaliano.

Hakuna aliyestaajabu. Malindi imezoea Wataliano. Kuna maduka ambayo majina yake yote ni ya Kitaliano, na kuna watu wasiosoma herufi yoyote wanaokiongea Kitaliano vizuri kwa kufanya kazi mahotelini. Watu wa Muyeye walikiona kibao kile kuwa ni cha wageni. Walipita.

Alasiri moja Nyevu alikuwa akirudi kutoka darasani na jirani yake, Linet. Linet hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ametoka kufua nguo za watu, na walikutana njiani. Mumewe, Odera, alikuwa mwendesha bodaboda. Linet ndiye aliyeona kwamba mfereji wa bustani ulikuwa ukidondoka. Akausogelea, akaufungua. Maji yakamwagika mengi, meupe, hayana harufu. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Hayakuwa na chumvi.

Linet hakuwa mjinga. Aliufunga mfereji kwanza akakitazama kibao.

"Hapa kumeandikwa," alisema. "Mama Kanze, wewe ndiye msomi wetu. Kinasema nini?"

Nyevu alisogea, akaweka kidole kwenye kibao. Neno la kwanza lilikuwa refu, na katikati yake palikuwa na kistari. Hakulijua. Akalivuka. Neno la pili alilijua. Lilikuwa WATER, herufi zile zile za kitabu cha Kanze. Moyo ulimdunda kwa furaha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa neno la nje ya darasa, neno la barabarani, kumfungukia.

"Kinasema maji," alisema. "Kinatuonyesha kuwa hapa pana maji."

Wakacheka. Linet alikwenda nyumbani mbio kuleta mitungi. Nyevu naye akaleta yake. Kabla ya jua kutua wanawake wengi wa Muyeye walikuwa wamepanga foleni pale bustanini, na kila aliyeuliza kuhusu kibao aliambiwa kwamba Mama Kanze amekisoma.

Mtu wa kutunza bustani alikuwa akija asubuhi tu. Alipofika alikuta pamelowa na pana nyayo nyingi. Alidhani watu wamekuja kufua nguo. Akamwagilia maua yake akaenda zake.

Odera ndiye aliyeanza kuugua. Alihara mfululizo, akatapika, akashindwa kuiinua pikipiki yake. Haikupita siku, ugonjwa ukaingia nyumbani kwa Nyevu. Kulipopambazuka, Ziro alikuwa amelowesha leso na godoro. Alichotoa kilikuwa maji matupu, kama maji ya kuoshea mchele. Kisha akaanza kutapika.

Nyevu aliogopa. Alifanya kama alivyoona wanawake wakifanya alipokuwa mtoto. Hakumnyonyesha, wala hakumpa kitu cha kunywa. Aliamini kwamba mtoto anayehara akipewa maji ndipo anapozidi kuhara. Ziro alilia akitaka titi. Baadaye alilia bila machozi. Macho yalimtumbukia ndani. Nyevu alipomfinya ngozi ya tumbo kidogo, ngozi ilibaki imesimama, haikurudi.

Akamtuma mtu kwenye mjengo kumwita Kaingu. Kaingu alipofika, Kanze naye alikuwa ameanza kuhara. Wakakubaliana kwamba Nyevu abaki na Kanze, na Kaingu ampeleke Ziro kwenye kituo cha afya. Kaingu alimfunika mtoto kwa leso kavu, akapanda bodaboda.

Kituo kile kilikuwa na majengo kadhaa. Juu ya kila mlango palikuwa na kibao, na kila kibao kilikuwa cha Kiingereza. Kaingu alisimama katikati ya ua, mtoto begani. Watu walimpita huku na huku. Aliona haya kuuliza. Yeye ni mwanamume mzima, amesimama mbele ya maandishi, na atamwambia nani kwamba hayajui? Akatazama ni foleni gani iliyo ndefu kuliko zote. Aliwaza kwamba wagonjwa wengi ndiko wanakokwenda. Akasimama nyuma yao.

Ilikuwa foleni ya meno.

Alisimama hapo, akisogea kidogo kidogo. Kichwa cha Ziro kilikuwa kimelala shingoni mwake. Aliona kwamba mtoto ameacha kulia, akashukuru, akidhani amelala. Mlinzi mmoja aliyekuwa akipita aliona mguu wa mtoto unaning'inia. Akainua leso, akamtazama usoni. Hakuuliza kitu. Alimnyakua mtoto, akakimbia naye hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Kaingu akamfuata mbio.

Wauguzi walihangaika kutafuta mshipa wa kumtundikia maji. Mishipa ilikuwa imenywea. Waliupata mmoja mguuni, lakini walikuwa wamechelewa. Ziro alikata roho Kaingu akiwa amesimama mlangoni.

Muuguzi hakumlaumu. Alimuuliza tu kwa upole alikuwa wapi muda wote huo. Kaingu alinyoosha kidole, akaonyesha foleni ya meno.

Wakati huo huo, kule Muyeye, Moraa alikuwa akipita nyumba hadi nyumba. Moraa alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke aliyetoka Kisii miaka mingi nyuma na kuolewa hapo hapo Muyeye. Alikuwa amesikia habari za Odera na wengine waliokuwa wakihara. Alipoingia kwa Nyevu alimkuta Kanze amejikunja kwenye mkeka, mama yake akimfuta uso.

Moraa alimuuliza Nyevu kama amempa mtoto kitu cha kunywa. Nyevu akasema hapana, asije akazidi. Moraa akatikisa kichwa. Akatoa mkobani chupa ya maji aliyoyachemsha kwake, akaomba sukari, chumvi, na kijiko kidogo cha chai. Alipokuwa akipima, alieleza, ili Nyevu ajue kufanya mwenyewe.

"Mtungi unaovuja hauachwi mtupu," alisema. "Unaendelea kuujaza huku ukitafuta fundi. Tazama. Hii ni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Sukari, vijiko sita vidogo, usivijaze mlima, sawazisha. Chumvi, nusu kijiko tu. Koroga hadi viyeyuke. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, pumzika kidogo, halafu umpe tena. Na mtoto anayenyonya, usimwachishe titi."

Nyevu akamwambia Moraa kwamba alimnyima Ziro titi tangu alfajiri.

Moraa aliinua kichwa cha Kanze, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Kisha akautazama mtungi uliokuwa pembeni, akauliza maji haya yametoka wapi. Nyevu alipomjibu, uso wa Moraa ulibadilika. Alimwambia ayamwage yote, asiyaonje hata tone, na akatoka nje kuwaambia majirani nao wayamwage. Kisha akampeleka Kanze kituoni yeye mwenyewe, akimnywesha njiani. Alimpeleka moja kwa moja hadi mlango unaohusika.

Kanze alipona. Nyevu, aliyefuatana nao, aliikuta habari ya Ziro huko huko kituoni.

Daktari alisema ni kipindupindu. Maiti ya Ziro haikurudishwa nyumbani. Watu wa afya, waliovaa glavu na barakoa, waliiosha kwa dawa, wakaifunga kwa plastiki. Mama yake Kaingu alikuja kutoka Ganze akitaka kumwosha mjukuu wake kwa mikono yake na kwenda kumzika karibu na babu yake. Walimwambia haiwezekani, kwa kuwa ugonjwa huo hushika hata anayeosha. Mama mzee alikaa chini kwenye mchanga, mikono mitupu mapajani. Walimzika Ziro katika makaburi ya mji, mahali ambapo hawakuwa na ndugu.

Odera naye alikufa wiki hiyo hiyo. Wengine wa mtaa ule walikufa pia.

Linet alikuja kwa Nyevu siku moja baada ya maziko. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na nguo nyeusi, akasema maneno machache.

"Nilikuuliza wewe. Ukaniambia ni maji."

Akaondoka. Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima. Watu wakaacha kununua viazi vya Nyevu. Yeye mwenyewe akaacha kuvikaanga. Akaacha darasa pia. Kaingu alikwenda kazini na kurudi bila kuzungumza. Usiku na mchana nyumba ilikuwa kimya, na Kanze alijifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Moraa aliendelea kuja. Mara ya kwanza Nyevu hakumfungulia. Mara ya pili alimfungulia lakini hakusema naye. Mara ya tatu Moraa alimwomba wafuatane hadi bustanini. Nyevu alikataa. Moraa akakaa kizingitini, akangoja bila haraka, hadi Nyevu alipojitanda leso yake na kutoka.

Walisimama mbele ya kibao. Mfereji ulikuwa umefungwa kwa waya na watu wa afya.

"Nisomee," Nyevu alisema. "Nataka kujua yote."

Moraa akamsomea. Neno lile refu lenye kistari, NON-POTABLE, lilikuwa na maana kwamba kitu hakifai kunywewa. Kwa hiyo kibao kilisema ni maji yasiyofaa kunywewa. Kitaliano kilichokuwa chini yake kilisema hivyo hivyo. Watu wa afya walikuwa wamegundua kwamba maji yale yalitoka vyooni na jikoni katika hoteli moja ya jirani. Yalisafishwa kiasi cha kumwagilia maua tu. Yalionekana safi kwa macho, lakini vijidudu vya ugonjwa havionekani kwa macho.

Nyevu aliketi kwenye kiti cha saruji.

"Kumbe nilisoma nusu," alisema. "Nusu niliyoisoma ndiyo iliyomuua mwanangu."

Moraa aliketi kando yake. Alimwambia kwamba hawezi kumwondolea uchungu huo, na hatamdanganya kuwa anaweza. Lakini alitaka afikiri jambo moja.

"Neno hili ni gumu," alisema. "Nimemaliza sekondari, na siku ya kwanza nilisimama nikalirudia. Sasa jiulize. Aliyeweka kibao hiki alifikiri nani atapita hapa na mtungi? Mtaliano hachoti maji barabarani. Anayechota ni wewe, ni mimi, ni Linet. Kibao kilisema na wageni, nasi wenye mji kikatupa kisogo."

Kisha akamweleza mengine. Katiba ya Kenya inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Inasema pia kwamba lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Na lugha nyingine za wananchi, Kigiriama cha kwao Nyevu kikiwemo, nazo ni za kulindwa na kukuzwa. Raia ana haki ya kuuliza ofisi za serikali na kupewa habari. Basi onyo la kulinda uhai, lililowekwa mahali pa watu wote, liandikwe kwa lugha ya watu wa pale. Kuliomba hilo si utovu wa adabu, wala mtu hahitaji kuwa msomi ili aombe.

Nyevu alimuuliza waende kwa nani. Moraa akamwambia waanze kwa chifu, waombe baraza la wananchi, na wamwite afisa wa mji anayesimamia bustani.

Baraza lilifanyika pale pale bustanini. Watu walikuja wengi. Linet alikuja, akasimama nyuma kabisa. Afisa aliitwa Mutuku. Alikuwa mtu wa adabu, na alianza kwa kutoa pole kwa wote waliofiwa. Kisha akaeleza kwamba sheria za kazi yao zinataka mfereji kama ule uwekewe onyo, na onyo liliwekwa. Alisema anasikitika, lakini kibao kilikuwepo.

Watu walinung'unika. Hapo Kaingu akasimama. Hakuna aliyemtarajia. Tangu msiba alikuwa hajasema mbele za watu.

"Bwana Mutuku," alisema, "mimi sijui kusoma. Siku aliyokufa mwanangu nilisimama kwenye foleni ya meno. Vibao vilikuwepo. Vilikuwa juu ya kila mlango. Niliona haya kuuliza, na hilo ni kosa langu, nitakufa nalo. Lakini mimi sikuwa peke yangu pale. Kuna wengi kama mimi, nao wana watoto."

Akaketi. Mutuku alivua kofia yake akaishika mikononi. Hakurudia tena kusema kwamba kibao kilikuwepo. Aliuliza wanataka nini.

Walitaka mfereji uwekewe kufuli na uzio, na kibao kiandikwe kwa Kiswahili. Mutuku akakubali. Akaandika maneno kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti. Yalisema: MAJI HAYA HAYAFAI KWA MATUMIZI YA BINADAMU. Watu wengi wakaitikia kwamba ni sawa.

Mwalimu Nyale alikuwa hapo. Aliichukua karatasi, akampelekea Nyevu, akamwomba aisome mbele ya watu. Nyevu alisita. Macho ya mtaa mzima yalikuwa juu yake. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akalisoma. Kisha akainua uso.

"Si sawa," alisema. "Sisi tunaojifunza, tukilipata neno la kwanza tunafurahi, tunakimbia nalo. Hapa neno la kwanza ni maji. Atakuja mwingine mwenye kiu, atasoma maji, na hatafika mwisho. Neno la kwanza liwe la kukataza. Andika usinywe."

Mutuku alikata maneno yake kwa kalamu. Akaandika upya: USINYWE MAJI HAYA.

Wazee waliotoka bara wakaomba Kigiriama nacho kiwepo, kwa kuwa kuna akina mama wanaokuja sokoni ambao Kiswahili chenyewe hawakisomi vizuri. Wakakubaliana: USINWE MADZI GAGA. Mtu mmoja akataka Kiingereza na Kitaliano viondolewe kabisa. Moraa akasema viachwe vikae chini, wageni nao wana matumbo.

Tena wakakumbuka wasiojua kusoma lugha yoyote. Mutuku akaagiza picha ya kikombe kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Kabla ya kibao kutengenezwa, Moraa alichukua mchoro wake akaenda nao barabarani. Aliwaonyesha wapita njia na kuwauliza wanaelewa nini. Bibi mmoja alisema anaona kikombe kilichopambwa. Mstari ulikuwa mwembamba mno. Mchoraji akaunenepesha, akamwongeza mtu anayeshika tumbo. Walipomwonyesha bibi mwingine, alisema mara moja kwamba ukinywa utaumwa. Ndipo kibao kikatengenezwa.

Kwenye kituo cha afya mambo yalikwenda polepole zaidi. Kaingu alifuatana na Moraa mara kadhaa kumwona msimamizi. Kila mara aliulizwa yeye ni nani, na kila mara alijibu kwamba ni baba wa mtoto aliyefia hapo. Mwishowe vibao vya Kiswahili viliwekwa juu ya milango yote. Mstari mpana mwekundu ulipakwa ardhini kutoka langoni hadi chumba cha mahututi. Na mlinzi wa langoni aliagizwa amuulize kila aingiaye na mtoto mgonjwa anasumbuliwa na nini, ili mzazi asilazimike kuuliza.

Moraa naye alipita tena nyumba hadi nyumba. Aliwafundisha watu kuchemsha maji mpaka yatokote, au kuyatia dawa ya maji kwa kipimo cha pakiti, na kuyahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Aliwafundisha kunawa kwa sabuni watokapo chooni na kabla ya kula. Alimfundisha kila mama kupima sukari na chumvi, na akamtaka apime mbele yake. Aliwaambia pia kwamba ukikuta maandishi usiyoyajua mahali penye maji, umeme au dawa, usikisie. Uliza mtu wa kwanza, na wa pili. Kuuliza si ujinga.

Kiangazi kilichofuata mifereji ya Muyeye ilikauka tena. Watu wakabeba mitungi kutafuta maji, hata watu wa mitaa mingine. Wengi walifika bustanini. Walisoma, au walitazama picha, wakageuka. Maji ya mkokoteni yakawa ghali tena na watu wakalalamika tena, lakini mwaka huo hakuna aliyezikwa kwa sababu ya mfereji ule. Kituoni, watoto waliohara waliletwa mapema, wengine wakiwa bado wana chupa ya maji ya sukari na chumvi mkononi.

Nyevu alirudi kukaanga viazi. Akarudi darasani. Hapakuwa na mtu chini ya benchi sasa, na wanawake walijizoeza kutotazama hapo.

Alasiri moja Linet aliingia darasani. Hakumsalimia mtu. Aliketi benchi la nyuma, akafuata yaliyoandikwa ubaoni. Akaja na siku iliyofuata, na nyingine. Kati yake na Nyevu halikupita neno. Kisha siku moja, wengine wakiwa wanatoka, alikuja akasimama mbele ya Nyevu na kipande cha chaki mkononi.

"Niandikie jina la Odera," alisema.

Nyevu akaenda ubaoni, akaliandika kwa herufi kubwa. Linet akalitazama sana. Akalifuata kwa kidole, herufi moja moja, bila kuruka.

"Na la Ziro," akasema.

Nyevu aliinua chaki. Herufi ya kwanza ilipinda. Linet akaushika mkono wake kwa chini, akautuliza, hadi jina lote likaisha.